Mzee wa Bure na Jaribio la Kitambaa

…basi nilipokatizwa na birika nilikuwa nasema hivi: Mzee wa Bure anastaafu leo Ijumaa, tarehe thelathini, baada ya miaka ishirini na mbili. Mimi ninayemfutia meza ndiyo nimeambiwa nimwandike kwenye jarida la ofisi, maana wenye shahada wote eti wametingwa.

Kazi yake, jamani, mpaka leo sijaielewa. Anatengeneza mfumo wa kompyuta, ule ukiwasha mashine unakuta picha na mafaili, kila kitu mahali pake. Hatengenezi peke yake. Wako mamia, dunia nzima, hawajawahi kuonana. Kila mtu anashona kipande chake, wanagombana kwa barua pepe kama mawifi, halafu wakimaliza wanautoa bure! Na jinsi ulivyotengenezwa wanaweka wazi, atakaye aubadilishe. Nikamuuliza, sasa mwizi ataiba nini? Alicheka mpaka miwani ikaanguka.

Kipande chake yeye ni kile kinachouingiza mfumo kwenye mashine. Kikikosea, kinafuta kila kilichokuwemo. Sasa mwaka wangu wa pili hapa, asubuhi moja katoka kidogo, mimi huyo na kitambaa changu. Nikapangusa meza, nikapangusa kibodi, chapchap, nikaona maandishi yanakimbia kwenye skrini. Nikajua imetakata. Kumbe nimebonyeza! Diski nzima imefutika, kazi ya wiki tatu haipo, na wenzake alikuwa hajawatumia, eti anaona haya haijakamilika.

Meneja akaja juu, nifungashe virago. Mzee akasimama mlangoni: "Huyu haendi popote. Programu inayofuta diski kwa kupitishiwa kitambaa ni mbovu, na aliyeiandika ni mimi." Sikujua nilie au nicheke. Nikafanya yote mawili.

Akabishana na wenzake wa mbali miezi minne mpaka wakakubali: ukitaka kufuta, uandike kwanza neno zima kwa mkono wako. Tangu hapo, kila toleo jipya kabla halijatoka, naitwa nipanguse kibodi zote sita za chumba cha mashine. Kikifutika kitu, toleo halitoki. Mawili nimeyazuia mimi, mimi wa darasa la tano! Nimo kwenye orodha ya watengenezaji. Wanangu wanadhani nawatania.

Ila mwezi huu Mzee hana raha. Anayemwachia kipande chake ni binti tunayemwita Msumari, kichwa kikali, hodari hasa. Huyo alishasema mbele za watu: "Shangazi, nakupenda, lakini siku hizi mashine zinajijaribu zenyewe. Kitambaa ni maigizo." Toleo jipya linatoka leo saa nane, na neno la mwisho ni lake. Mzee kamkabidhi asubuhi, kisha akaja kukaa hapa jikoni kwangu. Kaniuliza mara tatu: "Likiwa bovu, atalizuia?" Namwambia sijui. Yaani sielewi, kitu umekitoa bure, umeshakikabidhi, unaogopa nini tena? Akanijibu kuna watu huko wasiomjua hata kwa sura, picha za watoto wao zimo kwenye hizo mashine. Nikamwongezea chai.

Haya, Mzee wetu. Asante kwa kunisimamia mlangoni siku ile. Wote hapa tunakuombea siku njema zisizo na haraka, usingizi mzito, na shemeji akuzoee upya, maana miaka yote anakuona kisogo tu. Halafu ukifika nyumbani usije uka…

Ngoja. Msumari anapiga kelele toka chumba cha mashine: "Shangazi! Acha kuandika, njoo! Nimepangusa mwenyewe, mashine ya tatu imefuta kila kitu! Toleo nimelizuia, njoo upanguse na wewe nione!"

Mzee kasikia. Hata hakuinuka, kaegemea kiti, kafumba macho, anatabasamu. Naenda mie.