Kilo Ishirini na Mbili Kamili: Mzee Ratili Anaikabidhi Mizani

Jumamosi hii, tarehe 28 Juni, kengele ya kufunga soko itakapolia saa nane mchana, Mzee Ratili atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili akiwa msimamizi wa mizani ya ukaguzi katika soko letu la wakulima. Alianza kazi akiwa kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nywele nyingi. Leo ana miaka sitini, nywele zimemkimbia, na mizani ni ileile.

Mimi ni karani wa soko. Kwa miaka kumi na tisa ofisi yangu imepakana na kibanda chake, na sauti yake imenifikia kupitia ukuta wa mabati kila Jumatano na Jumamosi. Alipoambiwa kwamba mimi ndiye nitakayeandika wasifu wake kwenye kijitabu hiki cha sherehe, hakuuliza nitamsifu vipi. Alinipa sharti moja tu. Kuna uzani mmoja aliowahi kuusoma vibaya kwa makusudi, na hataki kukabidhi mizani kabla uzani huo haujasahihishwa kwa maandishi. Nilimwahidi, kwa hiyo msomaji avumilie kidogo, tutafika.

Kwa waliohamia mtaani karibuni, mizani yenyewe ni ile ya chuma iliyo langoni, yenye jukwaa chini na uso wa duara wenye mshale. Kazi yake ni kumaliza ubishi. Mnunuzi akiwa na shaka na viazi alivyouziwa, anavileta pale, Mzee Ratili anavipima upya na kusoma kwa sauti mara mbili: mara ya kwanza akimtazama mnunuzi, mara ya pili akimtazama muuzaji. Kila asubuhi ya soko huweka jukwaani jiwe la chuma la kilo ishirini, hugonga kioo kwa kidole cha kati, kisha hungoja mshale utulie. Usipotulia panapotakiwa, lango halifunguliwi. Mwaka mmoja tulichelewa saa nzima na nusu kwa sababu mjusi alikuwa amejipenyeza ndani ya uso wa mizani na kuulalia mshale. Wauza mboga walipiga kelele kwamba majani yananyauka. Yeye alikuwa amechuchumaa na bisibisi, akimbembeleza mjusi atoke.

Jina la Ratili alipewa na bibi mmoja mnunuzi wa maharage ambaye mpaka anafariki hakuzikubali habari za kilo. Bibi huyo alitaka asomewe kwa ratili, kama alivyozoea tangu usichana wake, na asiposomewa hivyo haondoki. Kijana wetu akajifunza kugeuza kilo kuwa ratili kichwani, kwa ajili ya mteja mmoja tu, na jina likamganda. Nadhani hata mkewe, Mungu amrehemu, alilitumia.

Neno ambalo halipendi kuliko yote ni "karibu", si lile la kumkaribisha mgeni, ni lile la "karibu kilo mbili". Mtu akilitamka langoni anajibiwa palepale: "Mizani haina karibu." Sisi tunaofanya naye kazi tumeteseka. Ukimuuliza saa, hakuambii inakaribia saa nne, anakuambia ni saa tatu na dakika hamsini na tatu. Chai yake ni vijiko viwili vya sukari, na anavipangusa juu kwa ncha ya kisu ili visiwe na kilima.

Wakati anaanza kazi, lami iliishia kwenye karakana ya baiskeli, hatua mia mbili kutoka langoni. Kuanzia hapo yalikuwa mashamba. Wakulima walifika kwa miguu, mboga zikiwa na umande, na muuza vitunguu akisahau kisu alirudi nyumbani kukichukua kabla foleni yake haijaisha. Nyumba zilikuwa za chini, zina nyua, na milango ilishinda wazi. Ukinunua kabichi kubwa, jirani alijua, na jioni alikuja na bakuli.

Sasa lami imepita na kwenda zake mbali. Karakana imekuwa mgahawa wa kahawa, na baiskeli mbili zimetundikwa ukutani kama mapambo, mojawapo ikiwa ya fundi mwenyewe, ambaye sijui yuko wapi. Palipokuwa na mashamba pana maghorofa yenye walinzi. Wakulima wanatoka safari ya saa mbili kwa gari, na umande unakauka njiani. Wateja wa leo wanakuja na mifuko ya kitambaa, wananunua karoti tatu na kuzipiga picha kabla ya kuzilipia. Mimi huwa nacheka pembeni. Mzee Ratili hacheki. Anazipima karoti tatu kwa heshima ileile aliyoipa magunia, na anasoma mara mbili.

Lakini kazi yake iliyopendwa zaidi haikuwemo kwenye barua ya ajira. Zamani kliniki ilikuwa mbali na foleni ilikuwa ndefu, na kina mama wa mtaa walianza kupitisha watoto wao langoni. Beseni liliwekwa jukwaani, mtoto akawekwa ndani ya beseni, na Mzee Ratili akasoma. Hakuandika popote, alikariri. Wapo wanaume wenye ndevu mtaani humu ambao wakipita pale na wachumba zao huongeza mwendo, maana wakichelewa watatangaziwa uzani wao wa miezi mitatu.

Baadaye yakaanza kuja mabegi. Nyumba zilianza kuuzwa moja baada ya nyingine, vijana wakapata kazi miji mingine au ng'ambo, na kila mwenye safari alitaka kujua mzigo wake una kilo ngapi kabla ya kwenda kuaibika kwenye uwanja wa ndege au stendi ya mabasi. Mzee Ratili alipima mabegi ya watu aliowapima kwenye beseni. Nayo aliyasoma mara mbili, mara ya kwanza akimtazama anayesafiri, mara ya pili akiwatazama wanaobaki. Kuna miezi nilisikia mabegi mengi kuliko viazi kupitia ukuta ule, na nikiri kwamba siku nyingine nilikuwa nafungua redio ili nisisikie.

Kisha ikafika zamu yake. Ana mtoto mmoja tu, binti, aliyemlea peke yake tangu mama mtu alipofariki binti akiwa sekondari. Miaka tisa iliyopita binti huyo alipata kazi ya uuguzi ng'ambo. Jumatano moja, soko likiwa limeshafungwa, alilikokota begi lake hadi langoni akitaka lipimwe na baba yake. Ndege iliruhusu kilo ishirini na tatu. Mzee Ratili aligonga kioo, akangoja mshale utulie, akasoma: "Ishirini na tano." Akasoma tena: "Ishirini na tano." Mshale haukuwa hapo. Ulikuwa chini ya hapo, begi lilikuwa ndani ya kiwango, na hapakuwa na kitu cha kupunguza.

Aliniambia baadaye kwamba hakuwa amepanga. Alitaka tu binti aache kitu nyumbani, kitu chochote cha kumrudisha, na alidhani angeacha viatu. Binti alipiga magoti juu ya saruji, katikati ya majani ya kabichi, akafungua begi, akatoa kimoja baada ya kingine na kuvirudisha. Mwishowe alitoa blanketi zito la bluu, kilo tatu, alilokuwa akifunikwa na mama yake tangu utotoni. Alimkabidhi baba yake. Mzee Ratili alilipokea. Angeweza kusema hapohapo kwamba amekosea, na anasema mdomo ulikataa kufunguka.

Kule uwanjani mashine ilionyesha kilo kumi na tisa. Mhudumu alimwambia binti kwamba ana nafasi ya kilo nne zaidi, na binti akamjibu mbele ya foleni nzima: "Basi mashine yenu mbovu. Baba yangu hakosei." Kisa hicho alimsimulia baba yake kwenye simu wiki hiyohiyo, akicheka mpaka anakohoa. Katika simu hiyohiyo alisema pia kwamba huko kuna baridi ambayo hakuwahi kuiota.

Siku ya soko iliyofuata Mzee Ratili aliingia ofisini kwangu kabla sijavua koti, akaketi, akanisimulia yote, kisha akaniomba nimwandikie barua ya kumfukuza kazi. Nilimwambia fomu ya kosa hilo sina. Nilijaribu kucheka ili naye acheke, nikaona haiwezekani. Siku hiyo aliifunga mizani. Alitundika kipande cha boksi kilichoandikwa "Mizani haifanyi kazi", na wauzaji wote wakaamini chuma kimeharibika. Katika miaka thelathini na minne ndiyo siku pekee aliyosimamisha kazi, na mizani haikuwa na ubovu wowote.

Alimtumia binti blanketi jipya kwa posta. Lile la bluu hakulituma, kwa sababu barua ya kulisindikiza ilimshinda kuandika. Badala yake alilileta kazini na kulitandika kwenye beseni la watoto, maana bati ni baridi. Ndilo hilo mnalolijua ninyi nyote mliopimiwa watoto miaka hii tisa. Mtakumbuka kwamba kila mara, kabla ya kusoma uzani wa mtoto, husema kwa sauti, "Toa kilo tatu za blanketi." Mlidhani ni hesabu tu. Mimi niliyekuwa nyuma ya ukuta nilijua anajikumbusha, na siku hizo sikufungua redio.

Binti amekuja likizo mara mbili. Mara zote mbili alilikuta blanketi kwenye beseni, akafurahi kwamba nalo limepata ajira, na mara zote mbili baba mtu alianza kuzungumzia bei ya nyanya.

Nisije nikamaliza bila kutaja jambo ambalo soko zima linamshukuru. Miaka minne iliyopita uongozi ulitaka kuing'oa mizani ya lango kwa hoja kwamba kila muuzaji sasa ana mizani yake ya betri. Mzee Ratili hakubishana. Jumatano moja asubuhi alizunguka meza kwa meza na jiwe la kilo mbili mkononi, akaliweka juu ya mizani arobaini za betri, moja baada ya nyingine, viongozi wakimfuata nyuma. Kumi na moja zilisema vingine. Hoja iliishia hapo, na mizani ya chuma ikabaki langoni.

Mmoja wa wale kumi na moja alikuwa mama wa viazi wa meza ya tano. Alinuna miezi sita. Alimwita majina ambayo kijitabu cha sherehe hakiwezi kuyabeba. Leo ndiye anayekabidhiwa kiti, baada ya kufundishwa naye kwa miaka miwili, kwa sababu, kama Mzee Ratili alivyouambia uongozi bila kupepesa macho, hakuna hila ya mizani asiyoijua mama huyu. Mama wa viazi anasema hajawahi kusifiwa vibaya namna hiyo, na kwamba anaanza Jumatano ijayo.

Mzee wetu, umetupimia mavuno, watoto na safari zetu, na hakuna aliyewahi kutoka langoni kwako akiwa na shaka. Mtaa umebadilika mpaka wengine tunapotea tukiutafuta, lakini aliyekuwa na hamu ya kukiona kitu kilichobaki mahali pake alijua aje langoni. Tunakushukuru. Nenda ukapumzike, unywe chai yenye kijiko chenye kilima, na heri tunayokuombea iwe nyingi kiasi cha kuushinda mshale.

Ratiba ya leo ina kipimo kimoja cha mwisho. Binti amefika juzi, Alhamisi, safari hii na mtoto wa miezi saba, na dakika kumi kabla ya kengele mjukuu atawekwa kwenye beseni. Blanketi limefuliwa. Babu ameomba asisome yeye. Atasoma binti yake, naye atasimama upande wa wanaosomewa.

Kabla ya hapo nitimize ahadi. Binti yetu, kijitabu hiki utakisoma ukiwa umeketi kiti cha mbele, na baba yako atakuwa anakutazama huku akijifanya anakagua jukwaa. Maneno yafuatayo si yangu. Aliyasema mwenyewe juzi, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu kuhakikisha siongezi wala sipunguzi, na ameagiza yaandikwe mara mbili kama ilivyo desturi ya mizani yake:

Mwanangu, begi lako lilikuwa kilo ishirini na mbili kamili.

Mwanangu, begi lako lilikuwa kilo ishirini na mbili kamili. Blanketi lilikuwa linaenea. Ukiondoka, ondoka nalo.