Mpaka Iseme Tak: Fundi Wetu Anatuaga

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu ya maji, fundi wetu wa kompyuta anastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 30 ya mwezi huu. Jina lake kamili limebandikwa kwenye mlango wa karakana, lakini mgeni akiliulizia tunababaika. Sisi tunamjua kama Bi Tak.

Aliajiriwa kuwa mpiga chapa, enzi za mashine zilizolia kama mvua juu ya bati. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wenzake waliifunika kitambaa wakaipita mbali. Yeye aliifunua, baadaye akaifungua kabisa, na hakuiacha tena. Akapelekwa kozi, akarudi fundi. Karakana yake iko mwisho wa korido, ina dirisha moja linaloingiza jua la alasiri, na vumbi huelea humo taratibu hadi ukikaa unasahau kilichokupeleka. Wengi wetu tulikuwa tukizua tatizo la uongo ili tukakae tu.

Jina la utani alilipata mwaka ule tulipoambiwa tufanyie kazi nyumbani. Mikutano yetu ya video ilijaa nyuso zilizoganda midomo wazi. Siku moja mkurugenzi aliganda akiwa ameinua mkono, nasi tukadhani anatutaka tunyamaze. Tukanyamaza kwa adabu zote, hadi alipotupigia simu ya kawaida kuuliza mbona hatumjibu.

Bi Tak alitukataza kuusingizia mtandao kila mara. Kompyuta zetu zilikuwa na RAM kidogo, yaani ile kumbukumbu ambayo mashine huitumia ikiwa kazini. Alisema ni sawa na kuandalia wageni kwenye kimeza kimoja: ukiweka sahani, bilauri inaanguka. Basi akaanza kutupitia nyumba kwa nyumba na mkoba wa kadi za RAM. Kwanza hushika nondo za dirisha ili umeme wa mwilini umtoke. Kisha huchomoa kadi ya zamani, huweka mpya, na kuibonyeza kwa dole gumba mpaka iseme tak.

Alikuwa na sharti moja. Simu ya kwanza ya kujaribia mashine haikuwa ya bosi; ilikuwa ya mtu unayemkumbuka. Mtunza stoo alimpigia baba yake, wakabaki wakitazamana na kucheka, hakuna aliyesema la maana. Mimi nilimpigia dada yangu, nikaona kumbe ameanza mvi.

Kompyuta ya Bi Tak mwenyewe haikufikiwa kamwe. Kila kadi aliyojitengea iliishia kwa mwingine. Tulipomkalia kooni akatuambia ukweli, macho yake yakiwa dirishani kama mtu aliye ndotoni. Binti yake anaishi nchi nyingine na ana mtoto mdogo. Picha ikiganda, mjukuu hakimbii, naye bibi humtazama hadi ashibe.

Lakini hivi karibuni binti alimweleza kwamba upande wa huko anayeganda ni bibi. Mtoto huweka kidole mdomoni, husema, "Bibi kalala," kisha huondoka kwa kunyata asije akamwamsha. Bi Tak alicheka akitusimulia, halafu akatuambia hofu yake. Aliogopa mtoto atakua akimjua bibi yake kama picha tu. Hatukuwahi kumwona akiogopa kitu, na sisi tuliumia.

Jumamosi iliyopita mtunza stoo na mimi tulimpelekea zawadi ya idara: kadi ya RAM, pamoja na amri kwamba asiguse chochote. Alikaa kochini mikono mapajani, akiteseka waziwazi. Tulishika nondo za dirisha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Tukaiweka kadi kwa upole kama yai, tukawasha, na kioo kikabaki cheusi. Bi Tak akauma upindo wa mtandio wake, lakini uvumilivu ukamwisha.

"Bonyezeni jamani, haisikii uchungu!"

Tukabonyeza. Tak.

Sharti lake tulilifuata, akampigia anayemkumbuka. Mtoto alitokea na kidole tayari kiko mdomoni. Bi Tak akampungia mkono, na safari hii mkono ulikwenda na kurudi bila kukwama. Mtoto akashusha kidole taratibu. Akasogea hadi pua ikajaa kioo chote, kisha akageuka na kupiga kelele nyumba nzima isikie: "Mama! Mama! Bibi kaamka!"

Asante, Bi Tak, kwa milango yetu yote uliyoipigia hodi. Tutaikosa karakana yako, na wewe zaidi. Tunakutakia alasiri ndefu zenye jua na afya tele. Lala utakavyo sasa. Ukiamka, kuna mtu anakungoja.