Sifuri Nne za Dada Mkaguzi

Ijumaa, tarehe 28 Juni
Kwa Dada Mkaguzi

Leo Dada Mkaguzi anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya ramani. Katika muda huo amebadilisha miwani mara sita na kiti mara moja tu, na hicho cha pili alikipokea kwa manung'uniko. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu mimi ndiye mchapaji, na meza zetu zimetazamana miaka mingi. Kisomo changu ni cha kawaida, lakini mambo yake mengi ninayakumbuka.

Alianza kazi kwa kushika ncha ya tepu ya kupimia, nje, juani, huku wanaume wakimtania kwamba upepo utampeperusha yeye na tepu yake. Baada ya miaka mitano aliingizwa ndani kuwa karani wa vipimo, kisha akawa mkaguzi. Kazi ya mkaguzi ni kuhakiki kila eneo kabla ramani haijatoka: mita za mraba ziwe hekta, hekta ziwe kilomita za mraba, na kila sifuri ikae mahali pake.

Jina la utani, Sifuri Nne, alibandikwa na dereva wetu. Kila mgeni ofisini, awe mpimaji au mfagiaji, aliulizwa swali moja: mita moja ya mraba ina sentimita za mraba ngapi? Dereva alijibu papo hapo, "Mia, Mama. Hilo hata mwanangu wa darasa la tatu analijua." Dada hakubishana naye. Alitandika kamba sakafuni, mita moja kila upande, akampa vipande mia vya karatasi, kila kimoja sentimita moja kila upande, akamwambia aujaze mraba ule. Dereva akapiga magoti, akapanga kwa makini. Vilipokwisha, vilikuwa vimefunika pembe moja tu, mahali pa kuweka kikombe cha chai. Akautazama uwanja wote uliobaki mtupu, akasema, "Kumbe nimejenga choo, nyumba bado!" Tulicheka hadi mkuu wa ofisi akafungua mlango. Ndipo Dada akamwonyesha taratibu: mia kwa urefu, na mia nyingine kwa upana. Mia mara mia ni elfu kumi, sifuri nne. Hekta nayo ni vivyo hivyo, mita mia kwa mita mia. Tangu siku hiyo ni dereva anayewauliza wageni swali lile, tena kwa majivuno.

Lakini sitakuwa nimemweleza vizuri nikiishia kwenye kicheko.

Marehemu mume wangu alikuwa mchora ramani katika chumba hikihiki. Dada alimwita shemeji, na kila asubuhi walizozania meza ya dirishani. Miaka tisa iliyopita aliugua, akaendelea kuja kazini hadi wiki yake ya mwisho. Karatasi aliyoimaliza mwisho ilikuwa ya eneo la kuhamishia familia mia mbili na arobaini kutoka bonde lililofurika kila mwaka. Kila familia iliahidiwa nusu hekta.

Siku ya kumi na mbili baada ya mazishi, Dada alikuwa akipanga droo ya marehemu ili mimi nisilazimike kuifungua. Akaisoma upya karatasi ile. Mita mia sita na ishirini kwa mita mia tatu: mita za mraba laki moja na elfu themanini na sita. Pembeni, kwa mwandiko wa mume wangu, hekta 186. Alikuwa amegawanya kwa elfu badala ya elfu kumi. Zilikuwa hekta kumi na nane na nusu na ushei, nafasi ya familia thelathini na saba. Chini yake ilikuwapo saini ya Dada. Kwa miaka kumi na mitano hakuwahi kumkuta shemeji yake na kosa, na siku ile, kwa huruma, alitia saini bila kuhesabu.

Malori ya kuwahamisha watu yalikuwa ya Jumatatu. Mkuu wa ofisi, kwa nia njema, alishauri tuseme ni kosa la uchapaji. Mimi nilikubali haraka kuliko wote. Nilimsihi Dada aniachie nilibebe, maana mchapaji ni mimi, na maiti hajitetei.

"Mdogo wangu," akaniambia, "ukisema ni kosa la taipu, watakwenda kutazama karatasi. Karatasi nayo inasema hekta 186. Watu watashushwa pale na vitanda vyao, wakae wapi?"

Akanisukumia penseli nihesabu mwenyewe. Nilihesabu mara tatu huku nikilia. Jibu halikubadilika.

Barua ya masahihisho aliitunga yeye, nami nikaichapa. Mstari wa kwanza ulisema: mimi mkaguzi nilitia saini bila kukagua. Mume wangu alitajwa baadaye, kwamba alikuwa mgonjwa na alistahili kukaguliwa kama mtu mwingine yeyote. Malori yalisimamishwa. Eneo la kutosha lilipatikana baada ya miezi mitano, na watu wa bondeni walitukasirikia, wala hawakukosea. Ukuu wa kitengo, ambao Dada alikuwa aupate mwaka ule, alipewa mwingine. Dada alikuwa wa kwanza kumpa mkono.

Baada ya hapo alinifundisha kukagua. Kila hesabu aliyoifanya aliileta mezani kwangu, akasimama kando akingoja kama mwanafunzi. Nimemkamata mara mbili. Mara zote mbili alisema, "Ahsante, mama," akafuta.

Nilidhani jina la mume wangu limekwisha siku ile barua ilipotoka. Watu walisema wiki moja, wakanyamaza. Leo wapimaji wakimpata mchoraji mpya, humtolea ramani za marehemu kabatini, wamwonyeshe mstari unavyochorwa. Kwa kuwa kosa lake lilisemwa wazi, hakuna anayezitilia shaka zile nyingine.

Dada, tunakushukuru sote, kuanzia mkuu hadi dereva. Nenda ukapumzike kwa wajukuu, ulime bustani yako, na siku zako ziwe nyingi na nyepesi. Na ukiulizwa ulifanya kazi na nani, tukumbuke. Mkumbuke na shemeji yako, kwa ramani zake zote, pamoja na ile ya mwisho.