Gogo la Nyota ya Mbulu

Saa saba usiku honi ililia mara tatu barabara ya Rhotia, Anitha akaamka kabla ya mtoto, maana Inosenti mumewe alishamwambia akisikia hivyo ajue lori limekuja. Na kweli lilikuja, Nyota ya Mbulu, lori kuukuu ambalo Inosenti alitaka kulinunua alijengee nyumba mgongoni, kitanda, jiko, choo, livute na tela la maji, apeleke wageni Ngorongoro, mke na mtoto wakilala humohumo. Jibu kwa mwenye lori lilitakiwa jioni hiyo. Kulipokucha Anitha akambeba Angela mgongoni, mbio mpaka kijiwe cha kahawa karibu na gereji, kwa wazee waliolijua.

— Shikamooni. Lori la kujengea nyumba mtu anachagua lipi?

— Marahaba, mama Angela. Kaa basi, umesimama kama askari wa geti! — akasema fundi Leodegar, wanayemwita Spana. — Kwanza chesisi, ule uti wa mgongo wa lori. Gonga nyundo, sikiliza. Ikilia kama kengele ya kanisa, chukua.

— Acha kumdanganya mtoto wa watu, — akadakia mzee Eliud, aliyeitwa Redio kwa kutonyamaza. — Nyumba ni mzigo, tazama kuvuta! Nyota ilivuta lori zima la mahindi kutoka kwenye tope la Buger.

— Malori mawili.

— Mawili na trekta! Na kwaya juu, inaimba sauti zote nne.

— Na bibi harusi.

— Bibi harusi wangu, Spana! Marehemu Marsela. Alishuka shela lote jekundu kwa vumbi, nikampenda zaidi.

Wakatazama barabara.

— Lile ungelifunga kamba, — Redio akarudi hewani, — lingeburuta kreta nzima ya Ngorongoro mpaka Arusha.

— Na tembo?

— Wangelipa nauli!

Wakacheka. Anitha hakucheka.

— Na mteremkoni, lilikuwa linasimamaje?

Spana akachungulia kikombe. Redio akajimiminia kahawa nyingine.

— Lilikuwa… linasimama tu, — akasema Redio.

Birika likaisha, wawili wale wakaondoka kwenda kulitazama lori. Akabaki mzee Qamara, ambaye tangu asubuhi hakutia neno, ameketi juu ya gogo lake jeusi alilokuja nalo kama siku zote. Akainuka, akaligeuza. Upande mmoja lilichongwa mshazari, limejaa alama za tairi.

— Nilikuwa utingo wa Nyota miaka kumi na moja. Dereva akipunguza mwendo naruka, nakimbia na gogo hili, nalisukumia chini ya gurudumu. Breki ilikuwa mimi, binti yangu. Yenyewe ikitengenezwa leo, kesho imekufa. Wenzangu walikuwa juu wanaimba, wangeona wapi?

— Na sasa, babu?

— Usiku niliposikia honi niliamka, nikalipapasa gogo gizani. Miguu ikakataa.

Anitha akakaza kanga iliyomshika mtoto.

— Inosenti lazima ajue kabla ya jioni. Breki zifumuliwe zote, au atafute lori lingine, mimi na mwanangu hatupandi hivihivi.

— Mwambie. Ila Spana na Redio waachie Nyota yao. Redio hana picha ya harusi, ana lile lori.

— Namwambia baba Angela peke yake, babu. Mwingine simwambii.