Mwalimu Goti na Jeraha Namba 871

Ijumaa tarehe 28 mwezi huu, saa nane mchana, mwalimu wetu wa michezo anastaafu baada ya kuitumikia shule hii kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia getini akiwa na magoti mawili mazima, na anaondoka nayo mawili mazima. Habari ya kifundo chake cha mguu tutaifikia.

Jina lake la kwenye barua halijulikani sana hapa. Wanafunzi wote humwita Mwalimu Goti, na hata mwalimu mkuu aliwahi kumtambulisha hivyo mbele ya wazazi, kisha akajikohoza kwa muda mrefu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya sentensi aliyokuwa akiisema kila siku: kunja goti. Ukiruka, kunja goti. Ukiokota mpira, kunja goti. Wazee wetu waliosoma hapa wanasema mpaka leo wakibeba ndoo ya maji humsikia sikioni.

Alipoanza kazi, alikuta shule ambayo kila mtu aliamini kuwa watoto huumia kwa sababu ni watoto. Yeye hakuridhika. Alinunua daftari la jalada la kijani, akapiga mistari ya safu tatu: saa ngapi, wapi, alikuwa akifanya nini. Kila aliyeumia aliandikwa na kupewa namba. Mwaka wa kwanza waliandikwa watoto tisini na wanne. Katika safu ya tatu mmoja aliandikwa kuwa alikuwa akishindana na mbuzi. Mbuzi alishinda.

Likizo ilipofika, Mwalimu Goti alikaa mezani kwake akalisoma daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Aligundua jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelitazamia. Watoto wengi hawakuumia katikati ya mechi. Waliumia dakika chache tu baada ya kengele ya michezo, walipotoka darasani mbio kama waliomwagiwa maji, miili ikiwa bado imelala. Kundi la pili waliumia wakitua chini baada ya kuruka ukuta wa bustani, miguu ikiwa imenyooka kama mijiti.

Hapo ndipo zilipozaliwa Dakika Kumi. Kila asubuhi, na kabla ya kila kipindi cha michezo, shule nzima hupasha mwili moto kwa dakika kumi. Tunaanza kwa kukimbia polepole. Halafu tunafanya korongo, yaani kusimama kwa mguu mmoja. Halafu paka, yaani kuruka na kutua kwa magoti yaliyokunjwa bila kutoa sauti. Tunamaliza kwa kujifunza kuanguka vizuri na kubiringika. Katika paka, Mwalimu Goti hutugeuzia mgongo na kufumba macho. Akisikia kishindo chako, unarudia. Hakuna rufaa.

Mazoezi hayo yalikuwa na madhara yake. Tulizoea kutembea kimya kiasi kwamba mwalimu wa hisabati alipeleka malalamiko rasmi ofisini. Alisema akigeukia ubao darasa huwa tupu, akigeuka tena anakuta wanafunzi arobaini wameketi, na moyo wake hauwezi kuendelea namna hiyo.

Mume wake Mwalimu ni seremala, naye ana mchango wake. Mbao ndefu tunazotembelea uwanjani kujifunza kujiweka sawa alizichonga yeye. Zilikuwa za kabati la nguo alilomwahidi mkewe. Mpaka leo nguo za Mwalimu hukaa kwenye masanduku mawili, na mumewe akipita uwanjani huwaambia wanafunzi wakanyage taratibu, hapo wamesimama juu ya mlango wa kabati.

Kisa kinachosimuliwa zaidi ni cha mkaguzi. Alifika bila taarifa, akakuta watoto mia nne wamesimama kwa mguu mmoja, macho yamekazwa mbele, kimya kabisa. Alidhani shule nzima imeadhibiwa. Alitoa kalamu akaanza kuandika kwa hasira, na kwa siku ile Dakika Kumi zilikuwa ukingoni kabisa mwa kufutwa. Mwalimu Goti hakubishana naye. Alimwomba tu ajaribu. Mkaguzi aliweka faili chini, akainua mguu, akaanza kuyumba. Msichana wa darasa la kwanza aliyekuwa jirani yake alimwonea huruma, akamnong'oneza, "Babu, usiangalie chini. Angalia kitu ambacho hakitembei." Mkaguzi akamwangalia mwalimu mkuu, ambaye wakati huohuo alianza kutembea. Mkaguzi walimtoa kwenye maua. Daftari linasema: mkaguzi, saa mbili kasoro kumi, bustanini, kilichoumia ni suruali tu.

Wiki iliyofuata alirudi mwenyewe, akasimama korongo sekunde ishirini, akaondoka bila kuaga. Ripoti yake ilipendekeza zoezi hilo lifundishwe shule nyingine, na leo shule nane za jirani zinalifanya. Mwaka jana sisi tuliandikwa majeruhi kumi na mmoja tu. Wanne kati yao walikuwa walimu, kwenye mechi ya walimu na wanafunzi, kwa sababu walimu walisema wao hawana haja ya kupasha mwili moto.

Mwandishi wa wasifu huu ni namba 812. Alikuwa darasa la pili, alifuata wenzake ukutani, akavunjika mkono. Mwalimu Goti alimbeba mpaka zahanati, na njiani hakumgombeza hata kidogo. Aliuliza maswali yale matatu tu, kwa upole, kisha akamwambia kuwa sasa yeye amelisaidia daftari.

Mwezi huu tulipata wasiwasi. Mwalimu mpya wa michezo hajapatikana, na mwalimu wa hisabati aliomba dakika hizo kumi ziwe za jedwali la kuzidisha kuanzia muhula ujao, maana hapatakuwa na mtu wa kuzisimamia. Mwalimu mkuu alisema atatoa jibu kabla ya sherehe. Mwalimu Goti alionekana akilifuta vumbi daftari lake mara kwa mara.

Jumanne tulifanya mazoezi ya sherehe. Jukwaa lina ngazi tatu. Kwaya ilipoanza wimbo wa kuaga, Mwalimu Goti alifurahi akasahau umri wake, akaziruka zote tatu kwa pamoja. Alitua kwa kishindo kilichosikika mpaka jikoni. Ndipo sauti ndogo ikatoka kwenye safu ya darasa la pili: "Mwalimu, rudia!"

Alicheka mpaka akatokwa na machozi, ingawa baadhi ya machozi yalikuwa ya kifundo, maana kilikuwa kimeteguka. Mwalimu wa hisabati alimfunga bendeji, naye Mwalimu akawa anamwelekeza, na mara mbili akamwambia akunje goti.

Jumatano asubuhi alikaa kwenye kiti mbele ya ofisi, mguu juu ya stuli, filimbi mfukoni. Kengele ililia. Hakuna aliyetuamuru. Darasa la sita lilianza kukimbia polepole, wengine wakafuata. Tukafanya korongo, wakubwa wakiwashika mikono wadogo wa darasa la kwanza. Tukafanya paka, watoto mia nne kwa pamoja, na hapakusikika kitu. Mwalimu Goti alikuwa amefumba macho kama kawaida, akasubiri, akasubiri tena, mwisho akayafumbua kuhakikisha kama tumeruka.

Mwisho wa safu, mwalimu wa hisabati alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Alifikisha sekunde kumi na nne, kisha akaenda kwa mwalimu mkuu kuondoa ombi lake. Jedwali la kuzidisha litakaririwa wakati wa korongo. Dakika Kumi zinabaki, na darasa letu la sita ndilo litakaloanza zamu ya filimbi na daftari muhula ujao.

Tulipolipokea daftari, ukurasa wa mwisho ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wake mwenyewe: namba 871. Saa nne na robo, ngazi za jukwaa. Alikuwa akifanya nini: kufurahi. Hakupasha mwili moto.

Mwalimu wetu, asante kwa mikono, miguu na vichwa vyetu, ambavyo tunavyo vyote. Tunakuombea ustaafu wa amani, kabati la nguo kabla ya mwaka kwisha, na furaha nyingi. Ila kabla ya kufurahi, tafadhali, dakika kumi.