Ametulia Tangu Jana

Niliketi mbele kwenye Probox ya abiria inayotoka Bungoma kwenda Kitale. Nyuma yangu walikuwa wanawake wawili waliokuwa wamejuana kwa dakika kumi tu: Nabwile, mwenye mimba ya miezi minane, na mama wa makamo aitwaye Chepkosgei.

"Huyo wako anakusumbua usiku?" mama aliuliza.

"Ametulia tangu jana asubuhi," Nabwile akajibu. "Mama mkwe anasema mwisho-mwisho wanalala, ati nafasi imekuwa ndogo. Kliniki yangu ni Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Nilijifanya nasoma simu.

Chepkosgei alimgeukia. "Hata mimi niliambiwa hivyo, kwa mtoto wangu wa pili. Nikangoja siku ya kliniki. Nesi alitafuta moyo wake, hakuusikia." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida. "Hata nafasi ikiwa ndogo, mtoto bado anasukuma. Akipunguza kucheza, unaenda siku hiyo hiyo."

"Na wakinipima wapate ako sawa, si watanicheka?"

"Wacha wacheke. Utarudi nyumbani ukijua."

Nabwile aliweka mkono tumboni, akangoja. Tulipita soko zima akiwa bado anangoja. Kisha akamwambia dereva, "Nishushe hapo kwa geti ya hospitali."

Gari liliposimama, Chepkosgei naye alishuka, akamshikia mkoba.

"Mama, si ulisema unaenda Kitale?" dereva akauliza.

"Nitaenda," alisema. "Kitale haihami."