Nukta Juu ya Rehema

Kwa jina la Mwenyezi Mungu. Masheikh wetu, walimu, mafundi wa viti na vitanda mliofunga karakana zenu leo, majirani wa uchochoro wetu, nanyi mabinti wa klabu mliojazana hapo nyuma na rangi bado kwenye kucha, familia inawakaribisha katika arobaini ya mpendwa wetu Abla, kama tunavyomwita mwalimu wa kike, Inshirah Abdel-Mawgud. Historia yake inasomwa na wifi yake, Shukria, kwa sababu mume wa marehemu, Mzee Mahrous, akianza kusoma atalia, na akimaliza kulia ataanza kujitetea kuhusu habari ya mkate, na hapo hatutoki leo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 hapa hapa Dumyat, mtoto wa tatu wa fundi mchonga miguu ya viti na mama muuza jibini, akapewa jina Inshirah, maana yake kukunjuka kwa kifua, faraja baada ya dhiki, ingawa sisi tuliokaa naye tunaweza kuapa kwamba kifua hicho kilibeba wasiwasi wa mji mzima, maziwa yasifurike, treni isimwache, mstari usipinde.

Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaingia sekondari ya wasichana mwaka 1966, na mwaka 1969 akapanda treni kwenda Kairo kusomea ualimu wa sanaa, jambo lililomfanya baba yake awaulize majirani, "Kwani kuchora nako kunasomewa? Mimi cheti changu hivi vidole!" Lakini binti alipohitimu Juni 1973, ni baba huyo huyo aliyegawa mishabak, ule utamu wetu wa kukaanga na kuchovya asali, mpaka kwa watu waliokuwa hawasemezani naye.

Tarehe 5 Oktoba 1974 aliajiriwa kufundisha sanaa katika sekondari ile ile aliyosoma, na tarehe 19 Julai 1979, siku ya Alhamisi, alifunga ndoa na Mahrous, fundi wa kubandika dhahabu kwenye viti, wakajaaliwa watoto wawili, Nagla na Wagdi, walio hapa mbele yenu. Siku alipoletwa nyumbani kwetu, alimtazama wifi yake kuanzia utosi hadi nyayo akasema, "Hiyo kanga ya kichwani na hiyo blauzi, wifi, zimegombana nini?" Basi vita vya mawifi vikaanza hapo, vitamu, na havikuisha mpaka mmoja wetu alipotangulia.

Sasa kazi yake ndugu zangu haikuwa rahisi, maana somo la sanaa halihesabiwi katika alama za mtihani mkuu, na kwa wazazi wa mji huu kisichohesabiwa hakipo, mwalimu wa hesabu akikohoa tu kipindi cha sanaa kinampisha, na mama mmoja alimwendea marehemu mpaka mlangoni akamwambia, "Abla, mwanangu nataka awe daktari, wewe unamrudishia mikono yenye gundi!" Marehemu hakubishana, bali mnamo Novemba 1983 alianzisha Klabu ya Sanaa na Ubunifu, kila Alhamisi baada ya masomo, bila alama, bila cheti. Wasichana wakaanza kumiminika, wakatengeneza gazeti la ukutani, wakakata fanusi za Ramadhani kwa mabaki ya mbao ya baba zao, wakapamba jukwaa la mahafali, wakachukua viti vilivyovunjika vya karakana wakavibuni upya, na kila mwisho wa mwaka wakafanya maonyesho yaliyoleta hata mafundi wakongwe kuja kuchungulia huku wakijifanya wanapita tu njia.

Klabu ilikuwa na sheria moja, nayo ilikuwa ya penseli. Marehemu alichora kwa penseli nyekundu ya seremala aliyoichukua karakanani kwa mumewe, wasichana wakichora kwa chaki, na juu ya mstari wake alikuwa akisema, "Nyekundu ni amri. Usiongeze, usipunguze." Akiandika maandishi makubwa alipima herufi kwa nukta, kama wanavyofanya waandishi wa khati, alifu nukta kadhaa kwenda juu, re nukta kadhaa kwenda pembeni, kisha herufi ikishakaa sawa akizifuta zile nukta za kupimia kwa nyama ya mkate, ile laini ya ndani, kwa kuwa kifutio cha dukani humkwaruza mtu ubao.

Mwaka 1994 mkuu wa shule, Abla Nemat, alipata habari kwamba mgeni mkubwa wa elimu angekuja kukagua, akaiagiza klabu iandike ubao wa kuning'inizwa juu ya lango, maneno yake *Mlango wa Rehema*, kwa herufi za Kiarabu za dhahabu. Marehemu akachora, Mahrous akatoa karatasi zake za dhahabu, na aliyepandishwa ngazi kubandika alikuwa Safinaz, binti wa fundi jirani, mkono wake mwepesi kuliko wote, lakini pia mtundu asiyemithilika, kwani mwaka uliotangulia ni yeye aliyeichorea masharubu picha ya Abla Nemat kwenye gazeti la ukutani. Ubao ulipokamilika ulifunikwa shuka, vumbi lisiuguse.

Jumatatu tarehe 14 Novemba mgeni akafika, bendi ya shule ikapiga, wasichana wote wakasongamana langoni kutaka kuona, na shuka likavutwa. Ninyi mliopitia chuoni mnajua, herufi re ikitiwa nukta juu yake inageuka ze, na rehema ikitiwa nukta moja tu inakuwa zahama, yaani msongamano. Nukta ilikuwepo, ya dhahabu, imekaa vizuri, pembe zake nne sawasawa. Mlinzi wa lango, mzee wa watu ambaye alijifunza kusoma ukubwani na hakupitwa na neno, akasoma kwa sauti ya kujivunia, "Mlango wa Zahama!" Mgeni, aliyekuwa amebanwa ubavuni na wasichana wasiohesabika, akasema, "Alhamdulillahi, angalau shule hii inasema kweli," na lango zima likapasuka kwa kicheko.

Abla Nemat hakucheka. Siku ile ile nukta ikapakwa rangi ya kijani, klabu ikafungwa, na chumba cha sanaa kikajazwa madawati mabovu, lakini hayo yote marehemu angeyameza, kilichomkwama kooni ni Safinaz.

Alimwita akamuuliza, "Nukta ile umeitia wewe?"

"Nimeibandika mimi abla, lakini niliikuta."

"Uliikuta? Nukta inaota yenyewe kama uyoga?"

"Wallahi niliikuta, nyekundu. Si ulisema nyekundu ni amri? Mimi nilikuwa nimeigusanisha pua na ubao, naona herufi moja moja, nitajuaje neno zima limekuwaje?"

"Safinaz, masharubu nilikusamehe. Uongo sikusamehe."

Binti akateremka ngazi za shule akilia, na baba yake, aliyesikia mji mzima ukimcheka, akasema habari ya kusomea sanaa imekwisha, akampeleka kusomea biashara. Marehemu akaendelea kufundisha vipindi vyake vya kunyang'anywa, akastaafu mwaka 2011 kwa heshima, lakini klabu haikufunguliwa tena, na mara ngapi wifi yake alimkuta jikoni kasimama na kisu mkononi, kitunguu hakijakatwa, anasema peke yake, "Kama alifanya, kwa nini aliapa? Na kama hakufanya, mimi ni nani basi?" Tulimwambia, "Mwache, ni utoto, yaliyopita si ndwele." Ndwele ilikuwa kwake, sisi hatukuujua ukubwa wake, Mungu atusamehe.

Septemba 2017 lango la shule lilivunjwa lijengwe jipya, na ule ubao ukapelekwa kukarabatiwa katika karakana ya usanifu ya mwanamke mmoja ambaye biashara aliisoma mpaka mwisho, kisha akarudi kwenye mbao za baba yake kama bata anavyorudi kwenye maji, naye ni Safinaz. Alikwangua rangi ya kijani, nukta ya dhahabu ikatokea, akainyanyua dhahabu kwa ncha ya kisu, na chini yake akakuta nukta nyekundu ya penseli ya seremala. Akaufunga ubao kwenye blanketi, akaupakia kwenye tuktuk, akaja nao mpaka sebuleni kwetu, akauegemeza kwenye kochi bila hata salamu.

Marehemu akavaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Nyekundu ya nani hii?"

"Yako abla. Nukta ya kupimia. Hukuifuta."

"Haiwezekani. Mimi hufuta zote. Nilifuta moja moja, ikabaki ya re, nikageuka nichukue mkate, sikuuona…" Hapo akageuza shingo taratibu kumtazama mumewe. "Mahrous."

"Naam?"

"Siku ile. Mkate wangu uliokuwa juu ya meza."

Kaka yetu huyu, ambaye hata Firauni angemwonea huruma wakati ule, akasema, "Inshirah, nilikuwa nimeleta dhahabu tangu asubuhi, sijatia kitu tumboni, na jibini ilikuwepo! Nikajua ni mkate tu."

Hatujui nani alianza kucheka, ila Safinaz alikaa chini sakafuni akishika mbavu, na marehemu akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio. Akateremka kwenye kochi na magoti yake yale mabovu, akaketi sakafuni na mwanafunzi wake, akamshika mikono yote miwili, ile mikono yenye gundi, akasema, "Mwanangu, nyani haoni…" (mnajua asichokiona, mbele ya masheikh hatutamalizia), "ulisema kweli nikakuita mwongo. Nimekudhulumu. Nisamehe."

Safinaz akamjibu, "Nilikusamehe zamani abla, nilichoka kukukasirikia. Ila fidia naitaka. Binti yangu yuko shule ile, na Alhamisi anakaa nyumbani anapiga miayo. Fungua klabu."

Basi marehemu, mstaafu wa miaka sitini na sita, aliamka kesho yake kama aliyetuliwa gunia la mchele mgongoni, akaenda kwa mkuu mpya wa shule na ubao ule ule, akamsimulia kisa chote, mkuu akacheka hadi akaomba maji, na kufikia Novemba madawati mabovu yalikuwa yametolewa na wasichana walikuwa ndani. Nukta nyekundu marehemu aliifuta mwenyewe mbele yao, kwa nyama ya mkate, na Mahrous akiwa amefungiwa nje ya chumba kwa kura ya wanachama wote. Wifi yake anayewasomea anasema waziwazi, miaka miwili ile ilikuwa mizuri kuliko yote aliyomwona nayo, jina lake hatimaye lilimkaa, kifua kilikunjuka, hata maziwa yalifurika na hakuyajali.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 moyo wake ulianza kuchoka, miguu ikavimba, pumzi ikawa fupi, akalazwa mara kadhaa, na kila alipotoka alipitia klabu kwanza ndipo aje nyumbani. Wiki za mwisho alimwita Safinaz kitandani akamwambia, "Jiwe langu la kaburi liandike wewe. Na marehemu ina re, usisahau. Iache kichwa wazi. Nimeishi kwenye zahama ya kutosha, sitaki kusongwa na watu mpaka kaburini." Alifariki alfajiri ya Jumatano tarehe 6 Novemba 2019, nyumbani kwake, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mahrous, uso mkunjufu, na tulilia, lakini hatukulia kwa majuto, maana hakuondoka na deni la mtu moyoni, na hiyo ni faraja ambayo familia nyingi huitafuta na haziipati.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole hata alipowakosoa rangi ya mapazia ya wodi, majirani waliopika tusipike, mafundi walioacha nyundo zao siku ya mazishi ili mtaa ukae kimya, walimu wenzake, akiwemo yule wa hesabu, ambaye Alhamisi iliyopita alikuja mwenyewe kuipa klabu kipindi chake, nawe Safinaz, ambaye familia haina neno la kukutosha.

Mwisho. Asubuhi ya leo tulikwenda makaburini na mikate ya shureik ya kugawa, ile ambayo hapa kwetu tunaiita kwa jina lake, rehema, tukaliona jiwe kwa mara ya kwanza, maandishi safi, yamenyooka, na juu ya re ya *marehemu*, nukta. Nyeusi. Mioyo ikatuanguka, Mahrous akasema, "Safari hii si mimi!" na Nagla akaanza kulia, lakini Safinaz hakushtuka hata kidogo, alisogea akapunga kitambaa chake, na nukta ikaruka. Nzi, ndugu zangu, alifuata mkate. Tukacheka pale pale kaburini, tukiwa na machozi, wala hatukuona haya, kwa sababu tulijua anayecheka zaidi yuko wapi.

Re yako iko wazi, wifi. Pumzika kwa amani na kwa nafasi, hakuna anayekusukuma.